Orodha kushoto, Excel kulia: kupanga madirisha kwa kibodi bila kugusa mausi

Msimu wa korosho ukishafunguliwa huku kwetu Mtwara, kuanzia mwezi wa 10 hivi, steshenari hazipumui. Mi nina kimeza changu karibu na soko, na kazi inayokuja sana ni hii, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anakuja na flashi yenye orodha iliyoskaniwa, majina ya wakulima, namba za akaunti, kilo, daraja, anataka vyote viingizwe kwenye Excel leo leo maana watu wanasubiri hela zao.

Mwaka juzi nilikosea. PDF ya hiyo orodha nilikuwa nimeifungua imejaa skrini nzima, Excel nayo imejaa skrini nzima, nasoma huku narudi kule, nasoma narudi, basi kilo za mstari wa 37 nikaziandika mstari wa 38, kilo 412 za mzee wa watu zikasomeka za jirani yake. Bahati iligundulika kabla hela haijatoka, ila yule mzee alikaa kwenye benchi langu toka asubuhi mpaka adhuhuri na stakabadhi yake mkononi, hakufoka wala nini, anauliza tu taratibu "mwanangu, bado?" Iliniuma sana. Toka siku ile sinakili kitu chochote bila kuweka madirisha mawili ubavu kwa ubavu, na ndo nataka nikuoneshe, hasa wewe unayeshinda unanakili kama mimi.

Batani ya Windows ni ile yenye alama ya dirisha, ipo chini kushoto karibu na Alt. Fungua PDF yako na Excel yako zote mbili. Bonyeza ndani ya PDF ili iwe ndo dirisha unalolitumia, af shikilia Windows, usiiachie, gusa mshale wa kushoto mara moja. PDF inakimbilia kushoto inakaa nusu ya skrini. Ukiachia, kwenye Windows 10 na 11 upande wa kulia unaletewa vipicha vya madirisha mengine uliyofungua, hapo usikimbilie mausi, tembea na mishale mpaka kwenye Excel af Enter, nayo inakaa nusu ya kulia. Basi, kazi imeisha, sekunde 2. Kama vipicha havitokei nenda mwenyewe kwenye Excel kwa Alt na Tab, af Windows na mshale wa kulia. Ukitaka kulirudisha dirisha lilivyokuwa, shikilia Windows uguse mshale wa upande wa pili.

Sasa hapa ndo wengi wanakata tamaa, maana laptopu zetu hizi nyingi ni ndogo, ukigawa nusu kwa nusu maandishi yanabanana mpaka unasogeza macho. Usiache, rekebisha. Kwenye Excel bonyeza Ctrl na F1, ule utepe mkubwa wa juu wenye vitufe vyote unajikunja na unapata mistari kadhaa ya ziada, ukiuhitaji unabonyeza hivyo hivyo unarudi. Kwenye laptopu zingine F1 inataka uishike pamoja na Fn. PDF kama umeifungua na Adobe Reader, Ctrl na 2 inaitanua karatasi ijae upana wa dirisha, hakuna nafasi inayopotea pembeni. Na ile mpaka ya katikati unaweza kuikamata na mausi ukaivuta, mi huwa naipa PDF nafasi kubwa kidogo kwa sababu mwandiko wa kalamu ulioskaniwa unataka kuonekana, namba 1 na 7 za baadhi ya makarani zinafanana kabisa, na Excel naiachia safu nne tu ninazojaza. Halafu kila nikimaliza mstari natelemsha PDF kidogo ili mstari ninaousoma uwe usawa mmoja na ninaoujaza. Hiyo ndo iliyonisaidia kuliko zote, jicho linaenda pembeni tu halipandi wala halishuki.

Kama unataka faili mbili za Excel zikae pamoja na unatumia Excel ya 2010 kurudi nyuma, utahangaika, maana zile za zamani faili zote zinakaa ndani ya dirisha moja, ukibonyeza Windows na mshale zinaenda zote. Hapo ingia View, chagua View Side by Side. Kuanzia Excel 2013 kila faili ina dirisha lake, mishale inafanya kazi kama kawaida.

Madirisha manne? Inawezekana kwenye Windows 10 na 11. Dirisha likishakaa nusu ya kushoto, endelea kushikilia Windows ugonge mshale wa juu, linapanda kona ya juu, ukigonga wa chini linashuka kona ya chini. Kwenye skrini kubwa ya mezani ni tamu sana, kwenye laptopu ndogo sikushauri. Wa Windows 11 wana na Windows + Z, inakuletea michoro ya mipangilio uchague.

Zingine za haraka haraka: Windows na mshale wa juu, dirisha ambalo hujaliweka nusu linajaa skrini. Windows + D, vyote vinajificha, ukirudia vinarudi. Windows na namba 1, 2, 3 inafungua programu kwa mpangilio wake kwenye mstari ule wa chini, kwa iyo mi Excel nimeiweka ya kwanza.

Na kuna siku dirisha linapotea, yan chini unaliona lipo ila kwenye skrini halipo, inatokea sana ukishachomoa projekta au skrini ya pili. Lichague kwa Alt na Tab, bonyeza Alt na ile batani ndefu ya nafasi, kikitokea kimenyu gonga M, gusa mshale wowote mara moja, af tikisa mausi, dirisha linakuja limeng'ang'ania mshale wa mausi, bofya liache unapotaka.

La mwisho ni la sisi wa kaunta. Mteja mwingine akija kuprinti barua, asiyaone majina na akaunti za wakulima wa watu. Bonyeza Windows + Ctrl + D, unapata deski mpya isiyo na dirisha lolote lililofunguliwa, fanyia kazi yake hapo, na ukitaka kurudi kwenye orodha yako ni Windows + Ctrl na mshale wa kushoto, PDF na Excel unazikuta zimekaa vile vile ubavu kwa ubavu. Mteja akishaondoka, ukiwa kwenye ile deski yake bonyeza Windows + Ctrl + F4 inafungwa, na kama ulisahau dirisha humo halipotei, linahamia deski ya jirani, lifunge kabla mwingine hajakaa.