Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Nairobi hadi New York

Anayetaka kujua umbali halisi kati ya Nairobi na New York asipige mstari kwenye ramani ya ukutani, kwa kuwa mstari huo utapita juu ya Nigeria na Mauritania, ilhali njia fupi kuliko zote huelekea kaskazini-magharibi, ikapita Sudan Kusini, Sudan, Chad, jangwa la Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Chukua tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, bana ncha ya uzi kwa ukucha pale Nairobi, kisha uvute uzi ukaze hadi New York. Utapata karibu sentimita 28, na kwa kuwa kila sentimita ya tufe hilo ni takribani kilomita 425, jibu ni kama kilomita 11,900. Hesabu kamili kati ya viwanja vya Jomo Kenyatta na John F. Kennedy hutoa takribani 11,840, kwa hiyo uzi haukudanganyi.

Hatua inayofuata ni kugawanya umbali huo kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, upate saa 13 na dakika 10. Ongeza nusu saa ya kuondoka, kupaa na kutua, halafu uzingatie upepo, jambo ambalo wengi hulisahau. Katika anga ya juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi, hivyo ndege iendayo Marekani hukabili kile ambacho mabaharia wetu hukiita upepo wa mbisho, na safari ya moja kwa moja hufikia takribani saa 15. Wakati wa kurudi upepo huisukuma, ikatumia kama saa 14. Aidha, tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, mashirika mengi hukwepa anga ya nchi hiyo, na mzunguko huo nao huongeza muda.

Sasa ipo hesabu ya saa, ambayo ndiyo huwapoteza wapokeaji. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, isipokuwa kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo tofauti ni saa 7, maana Wamarekani husogeza saa zao nasi hatusogezi. Tiketi ikiandikwa 23:00 mwezi Januari, hiyo ni saa 5 usiku. Ongeza saa 15, ufike saa 8 mchana wa kesho yake kwa saa za Nairobi, kisha uondoe 8: mgeni wako atatua saa 12 asubuhi.

Kurudi ni kinyume chake. Akiondoka New York saa 6 mchana wa Jumatatu ya Januari, saa 14 za safari na 8 za tofauti zitamfikisha Nairobi saa 4 asubuhi ya Jumanne. Mama anayemsubiri aandikiwe siku hiyo pamoja na saa, kwa saa za Nairobi, wala asitumiwe picha ya tiketi peke yake.