Namna ya kuandaa matembezi ya machweo kwa boti katika Ziwa Kivu, Bukavu

Anayepanga matembezi ya machweo kwa boti mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa kawaida huanza na bia, akafuatia muziki, kisha akamwachia nahodha habari za jua. Utaratibu huo unafaa mahali ambapo jua huzama majini, lakini Bukavu si mahali pa namna hiyo. Mji umekaa kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Kivu, safu ya milima ya Mitumba ikiwa nyuma yake, na jua hutoweka nyuma ya milima hiyo. Mtu aliyeketi kwenye baraza ya hoteli ya ufukweni, uso akiuelekeza majini na kwenye vilima vya Rwanda ng'ambo, mara nyingi machweo humpita mgongoni. Boti humtoa nchi kavu na kumfikisha mahali anapoweza kugeuka na kuutazama mji wenyewe, rasi zake zikiwa zimejitokeza majini na mwanga ukizijia kutoka nyuma. Maamuzi mengine yote, kuanzia saa ya kuondoka hadi aina ya muziki, yafuate jambo hilo.

Kwa saa za Bukavu, jua huzama kabla kidogo ya saa 12 jioni mwezi Novemba, na huchelewa hadi saa 12 na dakika 20 na kitu mwezi Februari. Miezi mingine huangukia katikati. Hizo, hata hivyo, ni saa za upeo ulio tambarare. Hapa milima hulificha jua yapata robo saa mapema, na ukiwa karibu na mji, ambako vilima vinakusimamia kichwani, hata nusu saa. Kadiri boti inavyosogea mbali na ukingo wa magharibi, ndivyo milima inavyoonekana mifupi na ndivyo jua linavyozidi kukaa. Kwa sababu hiyo boti iondoke saa 10 na nusu, wala isingoje saa 11 na nusu kwa ajili ya mgeni mmoja aliyekwama kwenye msongamano wa Nyawera. Karibu na ikweta giza huingia haraka; jua likishatoweka, nusu saa haipiti kabla hujashindwa kumtambua aliyeketi upande wa pili wa boti. Mwambie nahodha mapema ni wapi unataka kusimama, ukikumbuka kwamba mwezi Juni jua huzama likielekea kaskazini-magharibi na mwezi Desemba likielekea kusini-magharibi, kwa hiyo mahali palipopendeza katika msimu mmoja huenda pakakuonyesha bega la kilima tu katika msimu mwingine.

Kuhusu msimu, wengi huchagua kiangazi, yaani Juni hadi Agosti, kwa sababu mvua ni haba. Chaguo hilo lina gharama yake: vumbi pamoja na moshi wa mashamba yanayochomwa huifunika anga, milima ya mbali hufifia, na jua hubaki duara jekundu lisilo na mawingu ya kulipokea, huku pepo za kusini-mashariki zikiweza kuchafua ziwa. Kwa maoni yangu machweo ya msimu wa mvua ni bora zaidi, hasa siku ambayo mvua ilinyesha adhuhuri ikakatika mapema, kwani hewa huwa imeoshwa na mawingu hubeba rangi zote. Ila msimu huo una radi. Milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Katika orodha iliyotokana na setilaiti ya NASA, iliyotolewa mwaka 2016, jina la Kabare, mahali palipo mashariki mwa Kongo, lilishika nafasi ya pili baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ngurumo ikisikika kabla ya kuondoka, matembezi yaahirishwe. Ikisikika mkiwa ziwani, boti igeuzwe papo hapo, bila kungoja tone la kwanza wala wimbo kuisha.

Mwezi nao utazamwe kwenye kalenda. Siku ya mwezi mpevu, au siku moja kabla, mwezi huchomoza juu ya vilima vya Rwanda karibu wakati ule ule jua linapotoweka upande wa Mitumba, na aliye katikati ya maji huviona vyote viwili kwa kugeuza shingo tu. Mwanga wake pia hurahisisha kurudi. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo siku tatu baada ya mpevu faida hiyo imekwisha kupotea. Usiku wa giza una uzuri wa namna nyingine, ambao nitaufikia nitakapowataja wavuvi.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote chochote, ni lazima kuhakikisha kwamba boti inaruhusiwa kuwa ziwani saa hizo. Amri kuhusu usafiri wa usiku katika Ziwa Kivu zimetolewa na kubadilishwa mara kwa mara kutokana na ajali na usalama, na tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwezi Februari 2025 si busara kutegemea desturi ya zamani. Mwenye boti ndiye anayepaswa kutafuta ruhusa kwa wanaosimamia bandari, lakini wewe uione kwa macho yako, ikiwa na tarehe na saa ya kurudi. Kila abiria abebe kitambulisho, kwa wenyeji kadi ya mpiga kura, kwa wageni pasipoti yenye viza. Mpaka na Rwanda unapita majini, na kwenye ghuba ya Bukavu ng'ambo iko karibu kiasi kwamba boti iliyozimwa mota inaweza kusukumwa na upepo hadi upande wa pili wakati watu wanacheza. Nahodha abaki usukanini hata boti inapokuwa imesimama, na boti isisogee kuelekea mahali Mto Ruzizi unapotoka ziwani, ambako mto wenyewe ndio mpaka. Picha za bandari, za daraja la mpakani na za wenye silaha zisipigwe. Kwa ajili ya picha moja ya namna hiyo kundi zima linaweza kuimalizia jioni ofisini.

Katika kuchagua boti, tazama upana kabla ya rangi. Boti pana yenye sakafu bapa, au ile yenye miili miwili iliyounganishwa, hutulia watu wanaposimama, wakati boti nyembamba ya mbao iliyoundwa kupeleka mizigo na abiria visiwani hupinda upande mara watu kumi wanapoegemea ukingo mmoja. Uliza inabeba watu wangapi, kisha punguza idadi hiyo kwa theluthi moja, kwa sababu hesabu ya mwenye boti ni ya watu walioketi, nawe unawapeleka watu watakaocheza. Ziwa hili limekwisha kutufundisha kwa uchungu habari ya kujaza kupita kiasi: tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa mno, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa nchi kavu. Jaketi za kuokolea ziwe nyingi kama abiria, zivaliwe bandarini na kufungwa kamba. Najua hakuna anayependa kupigwa picha akiwa amevaa jaketi la rangi ya machungwa juu ya kitenge kipya, lakini baada ya saa moja ya bia hakuna atakayekumbuka kulivaa. Pia ombeni kuonyeshwa mota ya akiba, au angalau makasia yanayotosha, taa za boti na simu ya nahodha iliyojaa chaji.

Wageni watauliza kuhusu gesi. Ni kweli kwamba kilindi cha Ziwa Kivu kimebeba metani na kaboni dioksidi nyingi, lakini gesi hizo zimeyeyuka katika maji ya chini sana, zikikandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na ghuba ya Bukavu ni ya kina kidogo kuliko ziwa la katikati. Sigara haiwashi ziwa. Inayoweza kuwashwa nayo ni mafuta ya mota, kwa hiyo wavutaji wakae mbali na dumu.

Bei hupatanwa mapema na kuandikwa, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: saa ya kuondoka na ya kurudi, mafuta ni ya nani, ushuru wa bandari analipa nani, na itakuwaje mvua ikizuia. Wengi hupanga kwa dola. Noti iliyochanika hata kidogo au iliyochakaa itakataliwa, basi zikaguliwe nyumbani. Sehemu ya malipo itolewe wakati wa kupatana na sehemu kubwa ibaki mkononi mwako.

Vinywaji vinataka hesabu zaidi ya ukarimu. Safari ya saa mbili haihitaji zaidi ya chupa mbili za bia ya Primus kwa mtu anayekunywa, pamoja na soda na maji ya kutosha kwa wasiokunywa, na kasiksi, yaani pombe ya ndizi, kidogo kwa wazee wanaoipendelea. Kreti ziwekwe sakafuni katikati ya boti, zisipangwe juu ya paa wala ukingoni, kwa kuwa uzito ulio juu ndio unaoipindua boti. Mimina kwenye vikombe vya plastiki ngumu. Chupa ikivunjika kwenye sakafu yenye watu waliovua viatu, matembezi yamekwisha. Chakula kiwe cha kushikwa kwa mkono: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga wenye limau na pilipili, mishikaki ya mbuzi, ndizi, vipande vya jibini ya Masisi. Kipikwe nchi kavu. Jiko la makaa kwenye boti ya watu wanaocheza ni wazo ambalo sijaona sababu ya kulikubali, ingawa wapo wanaolifanya. Mtu mmoja aliyekubalika na wote, asiyekunywa siku hiyo, awe ndiye mgawaji wa vinywaji. Nahodha na msaidizi wake wasipewe bia hata wakiomba kwa upole.

Hapo ndipo tunafika kwenye dansi. Spika moja ya betri inatosha, kwa sababu juu ya maji sauti husafiri mbali na hakuna kuta za kuirudisha. Jenereta huongeza uzito, moshi na mafuta bila kuongeza furaha. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Wakati boti inatoka na kuizunguka rasi ya La Botte, watu wakae, wanywe, waongee, muziki ukiwa wa chini. Boti ikifika mahali pake na mota kupunguzwa, ipigwe rumba. UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, lakini sababu yangu ni ya vitendo zaidi: rumba ni dansi ya watu wawili, hatua zake ni fupi, uzito hubaki juu ya miguu, na wanaocheza hawahitaji nafasi kubwa. Ndombolo ni jambo jingine. Watu ishirini wakiruka na kutua pamoja kwa mdundo mmoja huitikisa boti kwa namna ambayo nahodha hawezi kuirekebisha kwa usukani, na kila mdundo unaofuata huongeza mtikiso uliotangulia. Ndombolo ihifadhiwe kwa ajili ya ufukweni, baada ya kushuka, na mwenye kupanga nyimbo aambiwe hivyo waziwazi, maana ndiye atakayeshawishiwa.

Dakika ya hatari kuliko zote ni ile jua linapogusa mlima. Kila mtu huinua simu na kukimbilia upande mmoja. Ili kuizuia hali hiyo, nahodha aigeuze boti mapema ili pua yake ielekee magharibi, watu watazame wakiwa pande zote mbili, na muziki uzimwe kwa muda huo. Watu hukaa mahali pao muziki unaponyamaza. Baada ya picha, mcheze tena nyimbo mbili au tatu, kisha boti ianze kurudi kungali kuna mwanga wa kuona ufukwe. Sweta au kitenge kizito kiwe tayari, kwa sababu ziwa liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 na aliyetokwa jasho akicheza huhisi baridi mara tu boti inaposhika kasi.

Wakati huo ndipo wavuvi wa sambaza hutoka, mashua zao tatu tatu zikiwa zimeunganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia huku wakiimba. Samaki huyo aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye hufuata mwanga wa taa. Ndiyo sababu wavuvi huzipenda siku za giza, na katika siku hizo taa zao hulijaza ziwa. Kuwatazama kunaruhusiwa, lakini kwa mbali: punguzeni mwendo, msimulike taa kali kwenye nyavu zao, na muzime muziki mnapowapita, kwa kuwa wao wako kazini.

Takataka zote zirudi bandarini ndani ya gunia, na hili lisichukuliwe kama adabu ya ziada. Chupa ya plastiki inayotupwa kwenye ghuba ya Bukavu huelea hadi Ruzizi, ambako hukusanyika na nyinginezo mbele ya mitambo ya bwawa la Ruzizi I, na mji hukatiwa umeme ili mafundi waondoe uchafu huo. Mkishatia nanga, nahodha ashushe ngazi kwanza, waliokunywa zaidi washikwe mkono, na yule asiyekunywa ahesabu watu akilinganisha na hesabu aliyoiandika wakati wa kupanda. Hesabu ikitimia, mwenye boti apewe salio lake.