Namna ya kujipa pole

Hapa mwaloni Katonga, Kigoma, mitumbwi inaposhusha samaki, mtu akijikwaa tu watu watano wanamwambia pole. Dagaa wako wakinyeshewa utapewa pole mpaka uchoke kuitikia. Nimeanika dagaa miaka 19 na pole nilizotoa hazina idadi, lakini ya kujipa mwenyewe sikuwahi kuitoa hata moja mpaka nilipofika miaka 44. Nawaandikia ninavyofanya sasa, kwa sababu najua wengi mnalala na maneno makali mliyojisemea wenyewe.

Ilikuwa Machi. Niliwaacha dagaa kichanjani nikampeleka mtoto kliniki, foleni ikawa ndefu, mvua ikanikuta hukohuko. Mabeseni sita yakaoza. Jioni nikamkuta mwenzangu wa kichanja cha pili naye kapoteza manne, amekaa chini ameshika tama. Nikamwambia, "Pole mwenzangu, mvua haipigi hodi. Inuka tugeuze hawa waliobaki." Wakati huohuo moyoni najiambia, "Mjinga wewe. Hata mawingu huwezi kuyasoma. Ndiyo maana huendelei." Mvua ileile, dagaa walewale, mwenzangu nikampa pole, mimi nikajipa matusi.

Kwa hiyo usianze kwa kujilazimisha kujipenda, hutaweza. Anza kwa kusikia. Kwa wiki nzima, kila unapojikaripia, yashike maneno yako kama yalivyo, kisha yatamke kwa sauti ndogo. Mimi niligundua nina maneno matatu tu ninayoyarudia tangu usichana. Ukilisikia kwa sikio lako lile "huna akili", utajua hapohapo kwamba mwanao usingethubutu kumwambia hivyo.

Ila huwezi kuyasikia kama akili iko kwenye deni la jana. Lazima iwe hapa ulipo, na hapo ndipo kazi ya mikono inaposaidia. Mitumbwi inarudi alfajiri. Namwaga beseni la kwanza juu ya wavu wa kichanja na kuanza kutandaza kwa kiganja. Dagaa wabichi ni wa baridi, wanateleza, na magamba yao madogo yananibaki vidoleni yakimeremeta kama chumvi. Navuta pumzi puani nikihesabu moja mpaka nne, naitoa taratibu mpaka sita. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono utayasikia. Likija wazo la ada ya shule, silifukuzi. Nasema, "Hili ni la ada," narudi kwenye baridi ya vidole. Kwa beseni moja naweza kurudi hivyo mara 20, na sijioni nimeshindwa, kwa sababu zoezi lenyewe ni huko kurudi.

Usiye na dagaa una vyombo vya kuosha. Sisi wenyewe kuna siku tunakosa dagaa: mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti samaki, na mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi ile mitatu ilikuwa migumu kwangu, mikono imelala na ulimi wa ndani uko macho. Nikawa nachambua maharage ya Kasulu, punje moja moja, kwa pumzi zilezile.

Sasa pole yenyewe. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2003 kwamba kujihurumia kuna mambo matatu: kuutambua uchungu bila kuukuza, kukumbuka kwamba binadamu wote wanapatwa, na kujitendea wema. Niliposoma nikaona ni pole yetu ya mwaloni kabisa. Mimi husema: "Inauma. Mvua imewanyeshea wengi. Pole, tugeuze waliobaki." Na najiita kwa jina langu, sisemi "mimi". Ethan Kross, naye mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti ulioonyesha kuwa watu wanaojisemesha kwa majina yao wanapokabili jambo la kutia wasiwasi hulimudu vizuri zaidi. Kwangu ni kama kuitwa na dada yangu mkubwa.

Kuna wanaosema huku ni kujidekeza. Hapana. Kosa nilifanya: niliondoka bila turubai na bila kumwachia mtu maagizo. Siku tatu za kujitukana sikununua turubai. Siku ya nne nilijipa pole, nikanunua, na nikakubaliana na mwenzangu kwamba atakayekuwepo anaanua dagaa wa wote wawili.

Lakini kama wiki mbili zinapita huli, hulali, au kama unatamani usiwepo hata kwa siku moja, usibaki na pumzi peke yake. Mwambie mtu wako wa karibu leo, akusindikize kituo cha afya.

Kitu kingine kinachosahaulika ni jibu. Ukipewa pole huwa unaitika, "Asante, nimeshapoa." Ukijipa mwenyewe, usijibu hivyo kabla hujapoa. Mimi mara nyingi hujibu, "Asante, bado." Nasimama kidogo mikono ikiwa kichanjani, navuta pumzi nyingine nne, nachukua beseni linalofuata.