Umestaafu lakini muda wa kushona kwilti bado hauonekani? Jaribu hivi

Miaka yote ile kazini nilikua najiambia nikistaafu tu nitashona mpaka nichoke, vitambaa nilishaanza kuvijaza sandukuni mapema, afu siku ikafika, nikakabidhi ofisi, na miezi mitano ikapita sijamaliza hata bloki moja, yaani mraba mmoja wa viraka vilivyoungwa. Na sio kwamba nilikaa tu jamani, siku zilikua zinajaa. Huyu anataka kusindikizwa hospitali, fundi bomba anakuja na mtu wa kumfungulia ni wewe maana "wewe si upo nyumbani", watoto wanaletwa asubuhi ghafla, kamati hii inakutaka na ile inakutaka, jioni ukijiuliza umeshona nini, hakuna. Nimeongea na wenzangu wengi waliotoka kazini, wa bustani, wa gitaa, wa kuchora, wote wanasema hivohivo. Ndo maana naandika hapa yale yaliyonisaidia.

Kwa ambaye hajawahi: kwilti ni tabaka tatu, juu viraka vilivyounganishwa kwa mpangilio, katikati pamba ya kujazia, chini bitana, afu zote zinashonwa pamoja na kupindwa pembeni. Ni kazi ndefu, na ndo uzuri wake, inakatika vipande vidogovidogo.

Anza na daftari. Wiki moja tu, kila jioni andika masaa ya siku hiyo yameenda wapi. Usijirekebishe kwanza, andika ilivyokua. Mi niliona mambo mawili ambayo sikuyategemea, kwanza asubuhi yangu nzuri kabisa ilikua inaenda kwenye simu, na pili shughuli nyingi za watu wengine nilizozifanya hakuna aliyenilazimisha, niliitikia tu kwa sababu sikua na jibu lingine la kutoa.

Kwa hiyo tafuta jibu. Chagua masaa yako kabla wengine hawajakuchagulia, yatangaze nyumbani kabla hujaombwa kitu, na uyataje kwa saa kamili. Ukisema "nataka nipate muda kidogo wa kushona" hakuna anayesikia. Sema "Jumanne na Alhamisi saa tatu mpaka saa tano asubuhi nakua mezani kwangu, baada ya hapo niiteni". Wajukuu nawapenda sana na ninawalea, ila sasa wanakuja siku zinazojulikana, na wazazi wao wenyewe wamesema imewarahisishia kupanga. Dharura ni dharura, utaacha uende, lakini ukiacha hamishia kikao chako cha kushona siku nyingine ya wiki hiyohiyo, usikifute. Wiki za kwanza watasahau na watakupigia tu. Pokea, sema nakupigia saa tano, endelea.

Sasa hapa ndo penyewe. Mi nilidhani nimekosa masaa, kumbe nilikua napoteza muda kwenye kuanza. Hebu fikiria, una dakika 40, unatoa cherehani kabatini, unatafuta mkasi, unafungua mfuko wa vitambaa, unajiuliza ulikua umefika wapi, unawasha pasi, tayari nusu saa imeisha na unaanza kurudisha vitu kabatini. Mtu akipitia hivo mara tatu anaacha kabisa, na atakuambia hana muda! Cherehani inatakiwa ikae mezani, imefunikwa na kitambaa isiingie vumbi, uzi umeshatungwa. Kama nyumba ni ndogo na meza ndo hiyo ya kulia, tumia boksi moja kwa kila kazi, ndani weka viraka vilivyokatwa, uzi wake, pini, na karatasi ya mpangilio, ili ukilifungua usitafute kitu. Na sheria yangu kubwa ni hii, dakika 10 za mwisho za kikao sishoni, naandaa kikao kinachofuata. Najaza bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), napanga viraka vya bloki inayokuja, naviwekea pini, naandika kwenye kijikaratasi "anzia hapa, mstari wa pili". Kesho yake nikikaa tu, nashona.

Halafu gawa kazi kwa urefu wake. Kupiga pasi mishono au kukata viraka kadhaa ni dakika 15, fanya ukisubiri kitu kingine. Kuunganisha bloki ni saa moja hivi. Kutandaza zile tabaka tatu na kuzipiga bandi, yaani kuzishikiza kwa mishono mikubwa ya muda, au kuzibana na pini za usalama kila baada ya upana wa kiganja, hiyo inataka asubuhi nzima bila kusumbuliwa, usijidanganye kuifanya kwa vipande maana kitambaa kitajikunja na utafumua. Na kwa kukaa foleni kuna viraka vya pembe sita vya kushona kwa mkono juu ya karatasi, vinaingia kwenye kipochi na sindano na mkasi mdogo, nimemaliza vingi sana nikiwa nasubiri daktari.

Mfano wa hesabu. Bloki ya viraka 9, kila kiraka inchi 4 na nusu, mshono robo inchi, ikishaungwa na wenzake inakua inchi 12 kila upande. Bloki 20, yaani 4 kwa 5, zinakupa kwilti ya inchi 48 kwa 60, ya kujifunika ukiwa umekaa. Hivyo ni viraka 180. Vikate vyote mwanzoni kwa siku mbili tatu, afu bloki moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, ndani ya wiki 4 bloki zote zimekamilika, inabaki kuziunganisha tu. Ukiziona namba hivo huogopi tena. Kuokoa muda zaidi shona mnyororo, yaani ukimaliza jozi moja ya viraka usikate uzi, ingiza jozi nyingine nyuma yake, nyingine, nyingine, utakata zote mwishoni. Na mishono ya mstari mmoja ilaze kwa pasi upande huu, ya mstari unaofuata upande wa pili, ukikutanisha inajibana yenyewe na kona zinakaa sawa.

Kitu kinachokula muda kuliko vyote ni kufumua, na kufumua kwingi kunatokana na hiyo robo inchi. Pima kabla hujaanza: kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1 na nusu, viunge pamoja, piga pasi, kile cha katikati lazima kipime inchi 1 kamili. Kikipungua mshono wako ni mpana, kikizidi ni mwembamba. Rekebisha, bandika utepe kwenye bati la cherehani uwe alama, pima tena. Dakika tano hizo.

Kuhusu kununua vitambaa na kuangalia video za watu wanaoshona, nitasema kwa upendo, hiyo sio kushona. Mi nimejiwekea kazi mbili tu wazi kwa wakati mmoja, moja ya cherehani moja ya mkono, ya tatu haianzi mpaka moja iishe.

Kama una hobi zaidi ya moja usizipangie zote kila siku. Zipange kulingana na mwili na mwanga. Kukata na kuchagua rangi nafanya asubuhi karibu na dirisha, macho yakiwa hayajachoka, bustani jua likiwa limepoa. Gitaa, au lugha unayojifunza, dakika 20 kila siku zinakusogeza kuliko masaa matatu Jumamosi, ila kwilti inapenda vikao virefu kidogo. Na ukae vizuri, meza ya kukatia iwe juu usiiname, inuka kila nusu saa ujinyooshe, mgongo ukigoma hobi zote zimesimama.

Ukishafika mwisho, kwenye kupinda, masaa ya asubuhi hayahitajiki tena. Kwa kwilti ile ya inchi 48 kwa 60 kata vipande 6 vya upana wa inchi 2 na nusu kutoka kitambaa cha upana wa inchi 42, viunge viwe utepe mmoja mrefu, ukunje kati kwa urefu, shona upande wa mbele kwa cherehani, afu nyuma malizia kwa mkono. Hiyo ifanye jioni sebuleni mkiwa mnaongea, kwilti ikiwa imekulalia magotini. Mi huwa inanichukua jioni nne au tano, na siku hizo hakuna aliyeniuliza kwa nini nina shughuli.