Jinsi ya kufumua kozi ya stabiliti ya meli bila kusubiri silabasi mpya

Ukitaja kurekebisha ufundishaji wa teknolojia ya bahari chuoni, watu wanakimbilia silabasi nzima, inapelekwa kwenye kamati, inalala huko. Shika kozi moja tu. Mi ningeanza na stabiliti (uwezo wa meli kujirudisha wima ikiinama), maana ndo wanafunzi wanakariri GM, yaani kipimo cha uwezo huo, wanafaulu, halafu ukiwauliza meli inapinduka kwa nini wanakutolea macho.

Hatua ya 1: Kipindi cha kwanza slaidi zikae pembeni. Tafuta boksi lisilovuja, urefu sentimita 60, upana 20, tia farumi (uzito wa kulituliza majini) mpaka lote lifike kilo 6, litazama kama sentimita 5 hivi kwenye maji ya bomba.

Hatua ya 2: Kila kikundi kitabiri, gramu 100 zikisogezwa sentimita 10 kwenda ubavuni boksi litainama kiasi gani? Waandike kwa wino, wasije wakafuta baadae.

Hatua ya 3: Wapime. Ning'iniza timazi ya sentimita 30, ncha iingie kwenye kikombe cha maji isiyumbeyumbe (hata kwenye meli yenyewe ndo wanavyofanya). Ikisogea sentimita 1.2, gawanya kwa 30, ni 0.04. Sasa kilo 0.1 mara sentimita 10, gawanya kwa jibu la kilo 6 mara 0.04, GM inatoka kama sentimita 4.2. Fomula iandikwe ubaoni sasa hivi, sio mapema.

Hatua ya 4, hii usiiruke hata kama muda umeisha. Punguza farumi, weka maji ya uzito uleule yatembee upana wote wa boksi, kwenye nusu ya urefu wake. Boksi linalegea vibaya mno! Halafu weka kizuizi katikati, toka mbele hadi nyuma, kile kiasi cha GM kilichokuwa kinaliwa na yale maji kinashuka hadi robo tu. Hapo ndo uwaeleze feri ya Herald of Free Enterprise, 1987, iliyotoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele iko wazi, bahari ikaingia kwenye deki ya magari ambayo haikuwa na vizuizi, wakafa watu 193. Watakuelewa bila kelele.

Hatua ya 5: Badilisha mtihani, la sivyo watarudi kukariri. Wape vipimo vichafu, kimoja kimekosewa makusudi, wakitafute na waseme kwa nini wanakishuku. Maksi nyingi ziende kwenye hizo sababu, jibu la mwisho lipate chache.