Fizikia na kemia mwaka wa kwanza chuoni: masharti ya somo na namna ya kwenda nayo

Mwongozo huu ni wa wanaoanza chuo Unguja au Pemba na kupangiwa somo la utangulizi la fizikia na kemia, lile lenye mihadhara, mazoezi ya wiki na maabara. Fomula zenyewe nyingi mmeshakutana nazo skuli. Alama hupotea pengine: mwanafunzi anakabidhi jibu, na msahihishaji anatafuta njia. Anataka kujua ulipima nini, kwa chombo gani, uliandika nini pale pale, na ulifikaje kwenye namba ya mwisho. Karibu kila sharti la somo, hata yale yanayoonekana ya kuwaonea watu, limetoka hapo.

Hatua ya 1: Soma muhtasari wa somo, kisha piga hesabu

Wiki ya kwanza mhadhiri hutoa muhtasari wa somo. Tafuta ndani yake idadi ya krediti, mgawanyo wa alama, kiwango cha mahudhurio ya maabara na adhabu ya kuchelewesha kazi. Viandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi, mihadhara, maabara na kujisomea vyote ndani. Somo la krediti 12 ni saa 120, na ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Ratiba ikiwa na saa 2 za mhadhara na 3 za maabara, zimebaki 3 ambazo hakuna atakayekupangia. Jipangie mwenyewe, na ikiwezekana ziwe za mchana, maana umeme una tabia yake usiku.

Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Chako kinaweza kuwa na mgawanyo mwengine, kwa hiyo fuata muhtasari wako, usifuate maneno ya waliotangulia. Angalia pia kama kuna kiwango cha chini cha kazi za muhula kabla ya kuruhusiwa kuingia mtihani. Chukua mfano maabara ina alama 15 katika hizo 40 na ripoti ni 6. Kila ripoti ina alama 2.5. Ukikosa mbili umeshapoteza 5, na tano hizo mara nyingi ndizo zinazotenganisha daraja moja na jengine.

Hatua ya 2: Nunua vitu sahihi

Daftari la maabara liwe la jalada gumu, lililoshonwa, na kurasa zipewe namba kabla hujaandika chochote. Karatasi za kuchana hazikubaliki kwa sababu karatasi inaweza kupotea, na inaweza pia kupotezwa. Andika kwa wino. Ukikosea kipimo, pitisha mstari mmoja juu yake, kisomeke bado, kisha andika kipya pembeni na sababu. Usifute kwa rangi nyeupe. Penseli ni ya grafu tu.

Ongeza rula ya sm 30, karatasi za grafu za milimita na kikokotoo cha kisayansi. Simu haihesabiki kuwa kikokotoo, na kwenye chumba cha mtihani ikionekana tu ni kesi.

Koti la maabara liwe la pamba. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Viatu vifunike vidole, kwa hiyo makubadhi na kandambili vibaki nje. Mwenye mtandio auingize ncha zake ndani ya koti, na mwenye buibui la mikono mipana aikunje na kuifunga kabla ya kusogea kwenye moto au asidi. Mkono mpana ndio unaoangusha bika.

Hatua ya 3: Fika umeshajiandaa

Usiku wa kabla ya maabara andika lengo la jaribio, orodha ya vifaa, na uchore jedwali tupu lenye vizio juu ya kila safu. Wahadhiri wengi hutoa jaribio fupi la dakika kumi mlangoni, na maswali yake yanatoka kwenye karatasi ile ile ya maelekezo.

Kuchelewa kuna sharti kali: ukikosa maelezo ya usalama, huingii. Hapa hakuna wa kumbembeleza, kwani anayeingia bila kujua chupa ipi ina asidi kali ni hatari kwa benchi zima. Anayetoka Mjini kwenda Tunguu kwa daladala asihesabu muda wa barabarani peke yake. Ahesabu na wa kusubiri gari ijae.

Hatua ya 4: Pima na uandike hapo hapo

Tuchukue pendulamu, jaribio ambalo halikosekani mwaka wa kwanza na ambalo kila mtu anadhani ni jepesi. Unatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, g.

Funga tufe la chuma kwenye uzi, ning'iniza kwenye stendi. Ukitumia mshipi wa kuvulia, ujue nailoni hunyumbuka, kwa hiyo pima urefu tufe likiwa limeshaning'inia. Pima kuanzia pale uzi uliposhikwa hadi katikati ya tufe. Chagua urefu tano, mfano m 0.400, 0.550, 0.700, 0.850 na 1.000. Andika sufuri za mwisho. Ukiandika 0.85 umemwambia msomaji kwamba ulipima kwa sentimita, na rula yako ina milimita.

Zima feni. Vuta tufe pembeni kidogo, pembe isizidi digrii 10, na uliachie bila kulisukuma. Kwa digrii 10 muda unarefuka kwa chini ya asilimia 0.2, na hilo halikudhuru. Kwa digrii 30 unarefuka kwa karibu asilimia 1.7, na fomula unayotumia haikuruhusu kufika huko.

Pima mibembeo 20 kwa mpigo mmoja, kwenda na kurudi ikiwa ni mmoja. Sababu ni kidole chako: kubonyeza stopwochi kunaweza kukutupa sekunde 0.2. Kwa uzi wa mita moja mbembeo mmoja ni kama sekunde 2, kwa hiyo kosa ni asilimia 10. Kwa mibembeo 20, yaani kama sekunde 40.2, kosa lile lile linashuka hadi asilimia 0.5. Rudia mara tatu kwa kila urefu, na andika zote tatu, si wastani peke yake.

Hesabu ianze na "sufuri" unapobonyeza saa, si "moja". Anayeanza na moja amepima mibembeo 19 na kuiita 20, na g yake inatoka karibu 10.8. Msahihishaji akiiona namba hiyo anajua kilichotokea kabla hajafungua ukurasa.

Kwenye titresheni, yaani kutia mmumunyo mmoja kidogo kidogo ndani ya mwengine mpaka umalizane nao, mtego ni mwengine. Suuza bureti (mrija mrefu wenye alama za ml na koki chini) kwa mmumunyo utakaoutia ndani yake, si kwa maji peke yake, maana matone ya maji yanauzimua. Chupa ya koniko, kinyume chake, isuuze kwa maji safi tu. Toa kiputo cha hewa kwenye ncha, ondoa faneli kabla ya kusoma, na soma hadi ml 0.05. Jaribio la kwanza ni la kukisia, halimo kwenye wastani. Endelea mpaka upate mawili yanayopishana kwa ml 0.10 au chini yake.

Hatua ya 5: Chora grafu, na usiisaidie

Chora mraba wa muda wa mbembeo mmoja (T²) upande wa wima dhidi ya urefu (L). Mwinamo wake ni 4π²/g. Nukta zienee zaidi ya nusu ya karatasi, mstari mmoja ulionyooka upite katikati yake, usiunganishe nukta kwa nukta. Kwa mwinamo chagua sehemu mbili zilizo mbali juu ya mstari wenyewe. Tuseme umesoma (0.40, 1.61) na (1.00, 4.04). Mwinamo ni 2.43 ÷ 0.60 = 4.05, na g ni 39.48 (yaani 4π²) ÷ 4.05 = 9.75 m/s².

Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu na kuanza kupika data ili ifike 9.81 ya kitabuni. Msifanye hivyo. 9.81 ni namba ya nchi za mbali na ikweta, kama Uingereza. Visiwa hivi viko kama digrii 5 hadi 6 kusini ya ikweta, na g ya hapa ni karibu 9.78. Kikundi kikileta 9.81 kamili, na nukta tano zote zimekaa juu ya mstari, tunaomba daftari kwanza. Jibu la 9.8 ± 0.1 lenye vipimo vya kweli linapata alama zake zote.

Mstari ukikataa kupita kwenye sufuri, usiulazimishe. Ulipima hadi juu ya tufe lenye kipenyo cha sm 2 badala ya katikati? Mstari utakata mhimili wa T² kwenye 0.04 hivi, lakini mwinamo haubadiliki na g yako iko salama. Liandike hilo kwenye ripoti. Ni aya moja, na ina thamani kuliko kurasa mbili za utangulizi ulionakiliwa.

Hatua ya 6: Ripoti

Lengo, vifaa, utaratibu uliofanya wewe, jedwali, mfano mmoja wa hesabu, grafu, jibu na kosa lake, mjadala. Kurasa nne hadi tano zinatosha. Kwenye mjadala, "makosa ya kibinadamu" ni maneno matupu. Taja kosa lipi, linasukuma jibu juu au chini, na kwa kiasi gani.

Mjadala pia ni mahali pa kupima chombo chako. Mfano, maji ya bahari yana densiti ya karibu g/ml 1.02, na maji safi yenye joto la digrii 28 yana 0.996, si 1.000. Tofauti haifiki asilimia 3. Silinda ya ml 50 inayosomeka kwa kosa la ml 0.5 ina asilimia 1 peke yake, kwa hiyo inatofautisha maji haya mawili kwa shida. Mwanafunzi aliyeligundua hilo na kupendekeza chupa ya ujazo ya ml 100 ameelewa somo.

Hatua ya 7: Mpaka wa kushirikiana

Data ni ya kikundi, ripoti ni ya mtu. Majedwali yafanane, lakini hesabu, grafu na mjadala kila mmoja aandike yake. Ripoti mbili zenye sentensi zile zile hupata sufuri zote mbili, aliyetoa na aliyepokea. Akili mnemba inaweza kukufafanulia fomula, pale muhtasari unaporuhusu, na uitaje. Ukiipa kazi ya kukuandikia mjadala, itakutajia upinzani wa hewa na joto la chumba, na haitajua kwamba feni ilikuwa inazunguka.

Hatua ya 8: Ukikosa kipindi

Toa taarifa kabla, au siku ile ile, kwa maandishi, ukitaja kundi lako na jina la jaribio. Ugonjwa unataka cheti cha hospitali chenye tarehe. Kwa msiba omba barua ya sheha mapema, usisubiri wiki ipite. Aliyekwama Pemba kwa sababu boti haikuondoka siku za kusi kali atunze tiketi. Saumu si udhuru wa kukosa maabara, ila ukihisi kizunguzungu mwambie fundi wa maabara kabla hujashika asidi.

Kipindi cha fidia hupangwa ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu vifaa huondolewa benchi kwa jaribio jengine. Baada ya hapo hakuna pa kukiweka, hata cheti kiwe sahihi.

Na kama unaona umeonewa kwenye alama, leta daftari la asili, ripoti iliyosahihishwa na swali moja lililoandikwa, ukionesha mstari unaobishania. Anayekuja na picha ya daftari kwenye simu hurudishwa kulifuata.