Kabla ya kurusha ndege Kisumu hadi Lodwar ukiwa kitini

Safari yangu ya kwanza ya Lodwar kwenye Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, iliishia Nandi. Nilipaa Kisumu vizuri, nikamwachia rubani otomatiki ndege kwa futi 6,000, nikaenda jikoni kujipakulia ugali na omena. Kurudi, sahani mkononi, nakuta skrini imeandika kwamba nimegonga ardhi.

Kwa hiyo anza na ramani ya miinuko. Uwanja wa Kisumu uko futi 3,700 na ushei, lakini kaskazini-mashariki milima ya Nandi imesimama kama ukuta, na huko juu Eldoret iko takriban futi 7,000. Iten inakaribia 7,900, halafu ardhi inakatika ghafla: Bonde la Kerio liko zaidi ya futi 3,000 chini yake. Hapo ndipo utamu wote wa safari ulipo, na ndiyo sababu sipendi kukata moja kwa moja. Panda hadi 9,500, pitia Iten, kisha fuata mto Kerio kuelekea kaskazini, Cherangani kushoto, Tugen kulia. Usijisogeze sana kushoto kwa sababu Cherangani inazidi futi 11,000. Ukishatoka kwenye milima, pinda kushoto utafute Lodwar.

Kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hizo ni saa mbili na kidogo, na tangi likijaa mafuta yanabaki. Kinachosumbua wengi ni kile kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Hewa ya Kisumu tayari ni nyepesi. Ukipaa kitasa kikiwa kimesukumwa hadi mwisho kama uko Mombasa, injini inalemewa na mafuta na ndege inapanda kwa uvivu. Kivute taratibu hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa, ndipo uachie breki. Kuingia Lodwar, ambako ni chini ya futi 2,000, kisukume tena kidogo kidogo unaposhuka.

Halafu bando. Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kutoka intaneti ndege ikiwa hewani, na mtandao ukikatika Kerio yote inageuka kijani kisicho na sura. Toleo la 2020 linakuruhusu kuhifadhi eneo kwenye diski mapema. Fanya hivyo usiku mtandao ukiwa mwepesi. Stima nayo unaijua. Kama huna betri ya akiba, hifadhi safari ukifika Eldoret na tena baada ya Iten.

Ukiwasha hali ya hewa halisi, ondoka asubuhi, kwani alasiri mawingu ya radi hujazana kati ya ziwa na Nandi. Saa ya Zulu, yaani saa ya kimataifa (UTC) wanayotumia marubani, isikuchanganye: toa tatu, unapata saa yetu ya Kiswahili. Zulu 04:00 ni saa moja asubuhi, jua limeshatoka na ziwa linang'aa nyuma ya mkia.

Joistiki, ule mkono wa kuongozea ndege, ikivuta upande mmoja, irekebishe ukiwa bado chini. Pia jua kitufe cha kusitisha kiko wapi, maana mama ataita umbebee mtungi wa gesi wakati uleule unapovuka ukingo wa Iten. Omena siku hizi nakula kabla ya kuwasha injini.